Shaba katika Ukuta wa Chombo cha Anga
Mhadhara kuhusu uteuzi wa metali na kinga ya wanaanga, Lubumbashi

1. Kazi za ukuta

Ukuta wa chombo cha anga kinachobeba watu una kazi sita. Huzuia hewa isitoke. Hustahimili mtikisiko na msukumo wa roketi wakati wa kupaa. Huvumilia joto na baridi vinavyopokezana kila dakika 90 hivi, chombo kinapoizunguka dunia na kuingia kivulini na kutoka. Hukinga watu dhidi ya vumbi la angani na vipande vya vyombo vilivyokufa. Hupunguza mionzi. Mwishowe, safari ya kurudi inapofika, hukabili joto linaloweza kuyeyusha metali nyingi.

Hakuna kitu kimoja kinachoziweza kazi zote hizo. Wahandisi huzigawa: kila tabaka hupewa kazi yake, na kila kazi hupewa kitu kinachoifanya kwa uzito mdogo iwezekanavyo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ujenzi wa chombo cha anga umesimama juu ya ukweli huo.

Kwa msomaji wa Lubumbashi jambo hili liko karibu. Shaba, kobalti, lithiamu, niobiamu, tantali na jerimaniamu, zinazopatikana katika ardhi ya Katanga na ya mashariki ya Kongo, zina nafasi katika vyombo hivyo. Mhadhara huu unafuata tabaka moja baada ya nyingine, kuanzia ganda linaloshika hewa hadi hewa yenyewe, na kueleza kwa nini kila kitu kilichaguliwa na maafa yaliyotokea pale uteuzi ulipokosewa.

2. Hewa na uzito

Kwenye usawa wa bahari hewa husukuma kwa kilopaskali 101.3, nguvu inayokaribia uzito wa tani 10 juu ya kila mita mraba. Mkazi wa Lubumbashi, aliye mita 1,200 hivi juu ya bahari, amezoea kilopaskali 88 hivi. Mtu hausikii mzigo huo kwa sababu humsukuma pande zote, nje na ndani. Angani, nje ya ukuta hakuna kinachosukuma, na mzigo wote hubebwa na ganda.

Umbo ndilo msaada wa kwanza. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, alikaa ndani ya tufe la Vostok lenye kipenyo cha mita 2.3, kwa kuwa tufe hugawa mvutano sawasawa kila upande. Pipa hufuata kwa ubora, nalo hutoa nafasi zaidi ya kuishi na kufanya kazi. Pembe kali huepukwa kwa sababu mvutano hujikusanya hapo, na nyufa huanzia hapo.

Kituo cha Kimataifa cha Anga hutunzwa kwa shinikizo la usawa wa bahari. Maabara yake iitwayo Destiny, iliyorushwa mwaka 2001, ni pipa lenye urefu wa mita 8.5 na kipenyo cha mita 4.3. Hesabu ya pipa la ukuta mwembamba ni rahisi: shinikizo huzidishwa kwa nusu ya kipenyo, kisha hugawanywa kwa unene wa ukuta. Kwa ukuta wa milimita 4.8, jibu ni megapaskali 45 hivi. Aloi ya alumini inayotumika huanza kuvutika bila kurudi mahali pake karibu na megapaskali 350. Akiba hiyo ya karibu mara nane haipotei bure. Ni kwa ajili ya mitikisiko ya kupaa, viungo vya kulehemu, na miaka mingi ya kupanuka na kusinyaa.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini ukuta usifanywe mnene zaidi. Jibu ni uzito. Mwaka 1903 Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alichapisha hesabu inayoonyesha kwamba kila kilo inayofika angani inadai kilo nyingi za mafuta, na mafuta hayo yanadai mafuta mengine ya kuyabeba. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilipaa ikiwa na tani 2,900 hivi. Kibanda kilichorudi na wanaanga watatu kilikuwa na tani 5 na ushei. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu metali yoyote ni hili: ina nguvu kiasi gani kwa kila kilo?

3. Alumini iliyotiwa shaba

Alumini ni nyepesi. Lita moja yake ina kilo 2.7, ilhali lita ya chuma ina kilo 7.9 na lita ya shaba karibu kilo 9. Lakini alumini tupu ni laini, kama anavyojua kila mtu aliyeangusha sufuria ikabonyea. Mwaka 1906 mtaalamu wa metali wa Ujerumani, Alfred Wilm, aligundua jambo lililofungua njia ya ndege na, baadaye, ya vyombo vya anga. Alichanganya alumini na shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesiamu kidogo, akaipasha moto, akaipoza ghafla, kisha akaiacha. Siku zilipopita, aloi ilizidi kuwa ngumu yenyewe.

Sababu yake ilieleweka baadaye. Katika joto kali atomu za shaba hutawanyika ndani ya alumini kama chumvi ndani ya maji. Aloi ikipozwa ghafla, shaba hunaswa humo ikiwa nyingi kuliko alumini inavyoweza kuihifadhi. Polepole atomu zake hujikusanya katika vifungu vidogo mno, vilivyosambaa kila mahali. Metali hubonyea pale safu za atomu zinapoteleza moja juu ya nyingine, na vifungu hivyo vya shaba huzizuia zisiteleze. Shaba kidogo iliyokaa mahali pafaapo hubadili tabia ya metali nzima.

Aloi mbili za ukoo huo zimebeba watu wengi angani. Ya kwanza, namba 2024, yenye shaba ya asilimia 4 na ushei, ilitumika sana katika mwili wa vyombo vya Kimarekani vya Space Shuttle. Ina nguvu nyingi lakini hailehemiki vizuri, kwa hiyo sehemu zake huunganishwa kwa ribiti na bolti. Ya pili, namba 2219, ina shaba ya asilimia 6 hivi. Nguvu yake ni pungufu kidogo, ila hulehemika vizuri, na chombo cha kushika hewa kinataka viungo visivyovuja. Ndiyo maana magamba ya moduli za Kimarekani katika Kituo cha Kimataifa yalitengenezwa kwa aloi hiyo. Katika kila kilo 100 za ganda linalowatenga wanaanga na utupu, karibu kilo 6 ni shaba.

Hatua iliyofuata ilikuwa lithiamu, metali nyepesi kuliko zote: lita yake moja ina nusu kilo na kidogo. Kila asilimia moja ya lithiamu inayotiwa katika alumini hupunguza uzito wa aloi kwa asilimia 3 hivi na kuongeza ukakamavu wake kwa asilimia 6 hivi. Aloi namba 2195 ina shaba ya asilimia 4, lithiamu ya asilimia 1, na fedha na magnesiamu kidogo. Ilitumika katika tangi kubwa la nje la Space Shuttle lililoruka mara ya kwanza Juni 1998, likiwa jepesi kwa kilo 3,400 hivi kuliko lililolitangulia. Aloi hiyo ndiyo ganda la hewa la Orion, chombo kilichoundwa kurudisha watu mwezini. Huko Manono, katika nchi iliyokuwa zamani kaskazini ya Katanga na sasa ni mkoa wa Tanganyika, imo mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu ya miamba duniani.

Aloi za lithiamu hupata taabu katika kulehemu kwa moto wa kawaida. Dawa yake ilipatikana Uingereza mwaka 1991: pini ngumu huzungushwa kwa nguvu kwenye kiungo, joto la msuguano hulainisha metali bila kuiyeyusha, na pande mbili hukorogwa pamoja kama ugali. Vipande saba vikuu vya ganda la Orion viliunganishwa kwa njia hiyo. Uteuzi wa metali na uteuzi wa namna ya kuiunga ni jambo moja. Aloi isiyoungika haifai hata ikiwa na nguvu za simba.

Ganda likishapaa, adui wake ni ufa. Kupanuka na kusinyaa mara 16 kwa siku huchosha metali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini angani hakuna pa kujengea ukuta mwingine. Agosti 2018 tundu la milimita 2 liligunduliwa katika chombo cha Soyuz kilichotia nanga kwenye Kituo cha Kimataifa, likazibwa kwa gundi ya epoksi. Mwaka 2019 hewa ilianza kuvuja taratibu kutoka kwenye kijia kidogo cha moduli ya Kirusi Zvezda, iliyoko angani tangu mwaka 2000. Kwa sababu hiyo wahandisi hupendelea aloi ambayo ufa wake hukua polepole na kujionyesha, kuliko ile yenye nguvu zaidi inayopasuka ghafla.

4. Washindani wa alumini, na somo la mto Luvua

Titaniamu ina kilo 4.5 kwa lita, huvumilia joto kuliko alumini, na haipati kutu. Ndiyo iliyotumika kutengeneza kibanda cha hewa cha chombo cha Mercury, alichokitumia Mmarekani John Glenn kuizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Kasoro zake ni bei na ugumu wa kuichonga, kwa hiyo mara nyingi huwekwa mahali pa joto au pa mzigo mkubwa tu. Beriliamu ni nyepesi na kakamavu ajabu, lakini vumbi lake ni sumu ya mapafu, na fundi anayeichonga huhitaji kinga kabla ya mwanaanga. Nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi hushinda metali kwa nguvu kwa kila kilo. Hata hivyo, pigo dogo linaweza kuzitenganisha ndani bila alama yoyote kuonekana nje.

Chuma cha pua ni kizito, lakini kina sifa inayosahaulika: kikiwa katika baridi kali ya oksijeni ya maji huzidi nguvu. Matangi ya roketi ya Atlas iliyompeleka Glenn yalikuwa ya chuma cha pua chembamba kiasi kwamba yangejikunja yenyewe bila shinikizo la ndani. Starship ya kampuni ya SpaceX, iliyoruka ikiwa imeunganishwa na roketi yake mara ya kwanza Aprili 2023, imerudia chuma cha pua kwa sababu ya bei na uvumilivu wake wa joto na baridi.

Wazo la kuchagua kwa bei lilijaribiwa mapema zaidi katika ardhi ya Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Mwaka 1976 kampuni ya Ujerumani Magharibi OTRAG, iliyoongozwa na mhandisi Lutz Kayser, ilipata kwa mkataba na serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, eneo la takriban kilomita mraba 100,000. Kambi yake ilijengwa juu ya uwanda wa juu ulio karibu na mto Luvua. Badala ya aloi ghali, Kayser alichagua mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 27, yafungwe pamoja kama mganda wa mabua: roketi ndogo kwa mabomba machache, roketi kubwa kwa mamia. Chumba cha kuchomea hakikuwa na mifereji ya kupoza. Kilivikwa kitu kinachoungua taratibu kikibeba joto. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978, ya tatu mwezi uliofuata ikashindwa. Mwaka 1979, chini ya mbano wa mataifa makubwa na majirani, Rais Mobutu aliifunga kambi hiyo. Hakuna mtu aliyesafiri na roketi hizo. Thamani ya jaribio hilo kwa somo hili ni kwamba lilionyesha wazi kuwa metali nyepesi siyo jibu la pekee. Bei na urahisi wa kutengeneza navyo vina sauti mezani.

5. Metali za moto

Ndani ya chumba cha kuchomea cha injini ya RS-25, iliyoisukuma Space Shuttle, gesi hufikia nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi. Shaba huyeyuka kwa 1,085. Hata hivyo, ukuta wa ndani wa chumba hicho ni wa shaba, iliyochanganywa na fedha ya asilimia 3 na zirkoniamu kidogo. Uteuzi huo unashangaza mpaka mtu akumbuke sifa kuu ya shaba: hupitisha joto upesi kuliko metali zote za bei ya kawaida, na hupitwa kidogo tu na fedha. Nyuma ya ukuta huo zimechongwa njia 390 zinazopitisha hidrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Shaba hulichukua joto na kulikabidhi kwa hidrojeni kabla halijapata nafasi ya kuiyeyusha. Metali ngumu zaidi isiyopitisha joto ingetoboka kwanza. Aloi mpya za injini, zinazochapwa kwa mashine tabaka juu ya tabaka, huongeza kromi na niobiamu ndani ya shaba ili ikae imara katika joto.

Mahali pasipo na mifereji ya kupoza, metali yenyewe lazima ivumilie. Kobalti huyeyuka karibu na nyuzi 1,495, na katika aloi za nikeli husaidia kuhifadhi nguvu katika wekundu wa moto. Vigae vya nje vya Mercury vilikuwa vya René 41, aloi ya nikeli yenye kobalti ya asilimia 11 hivi. Miaka hiyo mzalishaji mkuu wa kobalti duniani alikuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Niobiamu, iyeyukayo kwa nyuzi 2,477, ilitumika kutengeneza sehemu ya mdomo wa injini iliyowatoa wanaanga wa Apollo katika mzingo wa mwezi. Injini hiyo ilikuwa moja tu, isiyo na ya akiba. Kama ingekataa kuwaka, wasingerudi. Madini ya niobiamu yapo Lueshe, Kivu ya Kaskazini, na koltani ya Kivu hutoa tantali na niobiamu pamoja.

Uhusiano wa Katanga na metali hizi ulionekana kwa uchungu mwaka 1978. Tarehe 13 Mei waasi waliotoka Angola waliingia Kolwezi, migodi ikasimama, na bei ya kobalti katika soko la dunia ikapanda mara kadhaa. Marekani ikatambua kwamba injini za ndege na za roketi zake zilitegemea metali kutoka mji mmoja wa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kituo cha utafiti cha Lewis cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko Cleveland, kiliendesha mradi wa kutafuta aloi zenye kobalti, niobiamu, tantali na kromi kidogo zaidi. Hapo kigezo kingine kiliingia katika uteuzi: upatikanaji. Mhandisi alianza kuuliza metali inatoka wapi, na kama itaendelea kuja.

6. Ngao ya joto

Chombo kinachorudi kutoka mwezini huingia hewani kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde. Joto lake hutokana hasa na hewa inayobanwa mbele yake isipate mahali pa kukimbilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mhandisi wa Marekani H. Julian Allen alionyesha kwamba kichwa butu hushinda kichwa chenye ncha, kwa sababu husukuma wimbi la hewa moto mbali na ukuta, na joto jingi hupotelea hewani. Ndiyo asili ya umbo la kitako cha chungu ambalo vyombo vingi vya kurudia vinalo hadi leo.

Joto linalobaki hukabiliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukubali kuungua. Ngao ya Apollo, iitwayo Avcoat, ilikuwa gundi ya epoksi iliyojazwa kwa mkono katika vishimo zaidi ya 300,000 vya sega la nyuzi za kioo. Uso wake uliungua, ukageuka makaa, ukamomonyoka na kuondoka na joto. Orion nayo hutumia Avcoat, katika ngao ya mita 5. Iliporudi bila watu tarehe 11 Desemba 2022, vipande vya makaa vilikuwa vimebanduka kuliko ilivyotazamiwa, na wataalamu wakalazimika kuchunguza chanzo chake kabla ya kuruhusu watu wapande.

Njia ya pili ni kuzuia. Mafundi wa shaba wa Katanga waliijua karne nyingi zilizopita: tanuru zao walizijenga kwa udongo wa kichuguu, unaokaa ndani ya moto bila kuyeyuka na kulizuia joto lisitoroke. Vigae vya Space Shuttle, zaidi ya 24,000, vilifuata kanuni hiyohiyo. Vilikuwa vya nyuzi za silika, sehemu kubwa ya ujazo wao ikiwa hewa tupu, navyo viliilinda alumini isivuke nyuzi 175 hivi. Pua na kingo za mabawa, penye joto kali zaidi, zilivikwa kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni.

Kaboni hiyo ilishinda moto lakini haikuundwa kwa pigo. Tarehe 16 Januari 2003, Columbia, mojawapo ya Space Shuttle, ilipokuwa ikipaa, kipande cha povu la tangi chenye uzito usiofikia kilo moja kilipiga ukingo wa bawa la kushoto kwa kasi ya takriban kilomita 800 kwa saa, kikautoboa. Tarehe 1 Februari hewa moto iliingia kwa tundu hilo, ikayeyusha alumini ya ndani, na watu saba wakafa. Tabaka lilikuwa limepimwa kwa kazi yake, lakini halikupimwa vya kutosha kwa ajali iliyoweza kulifika kutoka tabaka la jirani.

7. Vumbi na takataka za angani

Tufe la alumini la sentimita moja lina gramu 1.4 tu. Likija kwa kilomita 10 kwa sekunde, lina nguvu ya gari la tani moja linalokwenda kilomita 43 kwa saa, na nguvu yote hiyo hutua mahali padogo kuliko ukucha. Ukuta mnene wa kulizuia ungekuwa mzito mno.

Mwaka 1947 mwanafalaki Fred Whipple alipendekeza ukuta wa pande mbili. Bamba jembamba huwekwa mbele, kisha nafasi tupu, kisha ganda lenyewe. Kipande kikigonga bamba la mbele kwa kasi hiyo, chenyewe husambaratika na kuyeyuka. Mvuke na chembe zake hutawanyika katika nafasi tupu na kufika kwenye ganda zikiwa zimepoteza makali. Katika Kituo cha Kimataifa, sehemu zinazotazama mbele huongezewa kati ya bamba na ganda vitambaa vya Kevlar na vya nyuzi za kauri. Hapa utupu wenyewe, usio na uzito, umefanywa kuwa kinga.

Kinga hiyo haifiki kila mahali. Desemba 2022 tundu lisilofika milimita moja lilimwaga kioevu chote cha kupozea cha Soyuz MS-22 iliyotia nanga kwenye Kituo. Ilibidi chombo kingine kitumwe kikiwa kitupu, na mmoja wa wanaanga wake, Mmarekani Frank Rubio, akakaa angani siku 371.

8. Mionzi

Mionzi ya angani ni ya aina mbili. Moja hutoka mbali, nje ya mfumo wa jua, ikiwa viini vya atomu vyenye kasi kubwa mno. Nyingine hutoka kwenye jua, kwa dhoruba za protoni. Duniani hewa na usumaku hutukinga. Mtu hupata kwa wastani milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili. Kipimo kilichosafiri na roboti Curiosity kwenda Mars kilisoma takriban milisiverti 1.8 kwa siku. Safari ya kwenda na kurudi ingempa mtu milisiverti 660 hivi, kabla hajahesabu siku za kukaa huko, ilhali NASA imeweka 600 kuwa kikomo cha maisha yote ya kazi ya mwanaanga.

Hospitalini risasi huzuia eksirei, na wengi hudhani ingefaa pia angani. Kinyume chake ndicho kweli. Kiini chenye kasi kikigonga atomu nzito, huivunja na kuzaa kundi la chembe mpya zinazoendelea ndani hadi mwilini. Atomu nyepesi haina mengi ya kuvunjika, na hidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote. Kwa hiyo maji, chakula na plastiki ya politheni hukinga vizuri kuliko risasi ya uzito uleule. Vyumba vya kulala katika Kituo cha Kimataifa vimewekewa politheni. Katika Orion, dhoruba ikitabiriwa, wanaanga hujibana katikati ya chombo na kujizungushia mizigo. Haja hiyo ni ya kweli: Agosti 1972, kati ya safari ya Apollo 16 na Apollo 17, jua lilitoa dhoruba ambayo ingewadhuru vibaya watu ambao wangekuwa njiani kwenda mwezini.

9. Hewa, moto na vazi

Kinga ya mwisho ni ile iliyo karibu zaidi na mwili. Tarehe 27 Januari 1967, katika jaribio la ardhini, kibanda cha Apollo kilijazwa oksijeni tupu kwa shinikizo lililozidi la hewa ya nje. Cheche moja iliwasha nailoni na vitu vingine ambavyo katika hewa ya kawaida huwaka polepole. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, na shinikizo la moto likaufunga kwa nguvu isiyoshindika. Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee walikufa. Baada ya hapo mlango ulifanywa ufunguke kuelekea nje kwa sekunde chache, hewa ya wakati wa kupaa ikachanganywa na nitrojeni, na nailoni ikabadilishwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Tefloni. Tangu hapo kila kitu kinachoingia ndani, hadi karatasi na gundi, hupimwa kwa moto na kwa mvuke kinaoutoa.

Tarehe 30 Juni 1971 wanaanga watatu wa Soyuz 11 walifariki wakirudi, kwa sababu vali ya hewa ilifunguka mapema wakiwa juu sana, nao hawakuwa wamevaa mavazi ya shinikizo. Nafasi ya watatu ilikuwa imepatikana kwa kuyaacha mavazi. Soyuz zilizofuata zilibeba wawili waliovaa, mpaka chombo kilipoundwa upya. Tarehe 28 Januari 1986 Space Shuttle Challenger ilipotea na watu saba kwa sababu pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi zilikuwa zimekakamaa kwa baridi, na moto ukapenya. Pete ya mpira ni sehemu ya uteuzi wa vitu sawasawa na metali.

Njia ya kukimbilia nayo ni kinga. Soyuz hubeba roketi ndogo za kukivuta kibanda mbali na roketi iliyoharibika. Watu wawili waliokolewa hivyo Septemba 1983, na wengine wawili Oktoba 2018. Kongo imeonja ugumu huo kwa kiasi kidogo: mwaka 2009 roketi Troposphere 5 ya mhandisi Jean-Patrice Keka ilirushwa kutoka Menkao, mashariki ya Kinshasa, ikibeba panya. Ilitoka kwenye njia yake, na panya hakurudi hai. Kumrudisha kiumbe salama ni kazi ngumu kuliko kumpandisha.

Hewa pia haijitunzi. Mashine za kuondoa hewa chafu, za kusukuma maji na za kupoza zinataka umeme usiokatika. Seli za jua za satelaiti nyingi, na zile zilizobebwa na roboti Spirit na Opportunity waliotua Mars mwaka 2004, zimejengwa juu ya vipande vyembamba vya jerimaniamu. Metali hiyo imo katika madini ya Kipushi, na imo katika kilima cheusi cha takataka za tanuru kinachoonekana kutoka kila upande wa Lubumbashi, kilichorundikwa na tanuru iliyoyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, iitwayo STL ilianza kuisafirisha jerimaniamu ya kilima hicho kwenda Ubelgiji.

10. Hukumu

Mpangilio wa uteuzi, basi, ni huu. Kwanza hujulikana mzigo: shinikizo, mtikisiko, joto, pigo, mionzi. Pili hutafutwa kitu chenye nguvu ya kutosha kwa uzito mdogo. Tatu huulizwa kama kinaungika, kama ufa wake huonekana, na kama hakiwaki wala kutoa sumu. Nne huangaliwa bei na mahali kinakotoka. Mwisho, kila tabaka hupimwa pamoja na jirani zake, kwa kuwa Columbia, Challenger na Apollo ziliangamia pale sehemu moja ilipokutana na nyingine.

Katika orodha ya metali za vyombo hivyo Katanga ipo karibu kila mstari, lakini ipo kwa jina la mali ghafi. Kobalti ya Kongo, zaidi ya theluthi mbili ya ile inayochimbwa duniani, huondoka zaidi ikiwa haidroksidi. Shaba huondoka ikiwa mabamba ya kathodi. Uamuzi wa kuchanganya asilimia 6 ya shaba na alumini, au asilimia 11 ya kobalti na nikeli, hufanyika mbali. Misalaba ya shaba iliyosubiwa hapa zamani na kusafiri mpaka kusini mwa Afrika ya Kati ilikuwa bidhaa iliyokamilika, yenye kipimo, umbo na thamani iliyoamuliwa na mafundi wa hapa. Kitivo cha Politekiniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi hufundisha metalojia katika mji uliozaliwa na tanuru. Vijana wake wapewe maabara za kuchanganya, kupoza na kuvunja aloi kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu thamani ya shaba iliyo katika ukuta wa chombo cha anga iko katika ujuzi wa aliyejua iwe kiasi gani, na ikae wapi.